Picha Zilizokataa Kufunguka

Mama yangu wa kahawa amefariki. Habari ilinikuta dukani Bukoba, mikono imejaa wino wa printa, na aliyepiga simu hakuzunguka: "Yule mama wa Buganguzi aliyekuwa akija kwako kusomewa barua za mwanawe ametutoka. Kifua. Tunazika kesho kutwa." Wasomaji wa safu hii mmenizoea nikiandika vya kuchekesha, zile ndoto zangu za kumiliki ghorofa lililojaa kompyuta, na jinsi mvua ya hapa mjini inavyonivizia kila nikianika shati. Leo mnisamehe. Leo nina uchungu, na sina nia ya kuutia sukari.

Tulijuana kwa ajili ya steshenari yangu. Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne, lakini kompyuta naipenda na yenyewe inanivumilia. Nachapa barua, natoa kopi, naombea vijana vyuo kwenye mtandao. Mama yule simu yake ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu, na mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali yenye baridi. Kijana alipokuja likizo ya mwisho alimfungulia mama yake barua pepe pale pale dukani, tukakubaliana awe anaandika, nami nachapa, mama anaondoka na karatasi yake. Basi kila akishuka mjini alikuja na kahawa ya kutafuna, ameifunga kwenye jani kavu la mgomba. Kwetu mgeni akifika hupewa kwanza kahawa ndipo aulizwe shida yake. Yeye aligeuza mambo. "Wenyeji wenyewe hamjui kukaribisha," alinisimanga, "acha mgeni awakaribishe." Akishanigawia mimi, aliweka punje chache juu ya printa. "Na huyu naye apate, waitu, ni wetu naye. Akinuna karatasi hazitoki." Nami nakula kiapo, siku alizokuja yeye ile printa haikukwama.

Kisha mwanawe akafa huko huko. Habari ilikuja kwa simu, na kumrudisha nyumbani kukashindikana, akazikwa ugenini na rafiki zake. Msomaji wa Kagera hana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mtu wetu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba, anaposikika kuku wa nyumbani. Mahali pa kijana yule palikuwa panajulikana, kando ya baba yake, karibu na mibuni ya zamani. Wakati wa matanga wafiwa walilala chini, juu ya majani makavu, kama desturi ilivyo. Matanga yakaisha, majani yakafagiwa, kila mtu akarudi kitandani kwake. Mama akakataa. Aliyaacha majani yake pembeni ya sebule akaendelea kulala juu yake.

"Nitapandaje kitandani," aliniambia alipokuja mara ya kwanza baada ya msiba, "na sijui ni nani alisimama naye? Kama alisindikizwa na watu, nijue. Kama alifukiwa na tingatinga kama taka za soko, nijue pia. Wamesema wametuma picha. Nionyeshe."

Nilifungua ujumbe akiwa ameketi kando yangu, kanga ameikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kubeba mzigo. Ulitoka kwa rafiki mmoja wa kijana, na maneno yalikuwa machache: mama, tumempumzisha mwenzetu, picha hizi hapa chini. Chini yake kulikuwa na viboksi vyeupe, vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na alama ndogo ya msalaba pembeni. Mimi nilijua mara moja kwamba ni picha zilizokataa kufunguka. Yeye hakujua. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akasema taratibu: "Wamewapanga vizuri. Weupe hivi, na kila mtu na msalaba wake. Wa kwangu ni upi?"

Tangu nianze kazi hii sijapata kuulizwa swali gumu kama hilo. Nilimweleza kwamba yale si makaburi, ni nafasi tu ambapo picha zilitakiwa kukaa. Akarudi nyuma kwenye kiti. "Bojo, mwanangu," akasema kwa Kihaya chake cha kubembeleza, "basi zifungue."

Niwaambie nilichofanya, maana siku moja yatakukuta na wewe. Programu nyingi za barua pepe huficha picha zinazotoka nje mpaka mwenye sanduku aruhusu, kwa sababu matapeli hutumia picha kujua nani amefungua ujumbe wao. Juu ya ujumbe huwa kuna maandishi yanayouliza kama unamwamini aliyetuma. Nilimsomea. "Inaniuliza kama namwamini?" akadakia. "Mwanangu alikula naye chungu kimoja, leo mashine inaniuliza mimi! Mwambie ndiyo, kisha mwambie hana adabu." Nikabofya ndiyo. Viboksi vikabaki vile vile. Nikadhani mtandao unasuasua, nikaunganisha kompyuta na simu yangu. Nikafungua kwa programu nyingine, nikaangalia kama ujumbe umewekwa usome maandishi matupu, nikajaribu kwenye simu ya jirani anayeuza vocha. Hakuna. Mwisho nikagundua kwamba picha zenyewe hazikuwemo ndani ya ujumbe. Kilichokuja ni njia tu ya kuelekea zilikohifadhiwa, huko kwenye ghala la mtandaoni la ofisi ya yule rafiki, na mlango wa ghala ulikuwa umefungwa. Dawa ya hilo ni moja, aliyetuma atume upya, safari hii aziambatanishe. Nikamwandikia. Barua ikarudi kama mpira uliogonga ukuta. Kumbe ameacha kazi, na anwani yake imekufa pamoja na ghala.

Lakini juu ya ujumbe kulikuwa na anwani ya pili. Rafiki yule alikuwa amemtumia pia mtoto wa shemeji yake mama, mkubwa wa ofisi fulani hapa mjini. Mama akanipa namba yake, nikapiga nikiwa naye.

"Ninazo," akajibu yule bwana. "Nilizifungua siku ile ile zilipofika, nikazihifadhi. Mwambie mama atulie, namwandalia kitu kizuri."

"Nitumie hata moja kwenye simu yangu, mkubwa. Yuko hapa, namchapia sasa hivi."

"Kwenye karatasi hiyo ya kopi? Hapana, kijana. Mazishi ya mtu wetu yachapwe kama tangazo la mbuzi aliyepotea? Ngoja. Vitu vya heshima haviharakishwi."

Mama aliposikia alicheka mpaka akashika meza. "Msomi wetu huyo," akasema. "Hata akitaka kupiga chafya ataunda kamati." Tulicheka wote. Tuliamini kamati ingekutana wiki ile.

Haikukutana. Mama alikwenda ofisini kwake na kahawa yake kwenye jani, akaketi benchini, akaambiwa mkubwa yuko Muleba. Akaenda Muleba, akaambiwa amerudi Bukoba. Nilipiga tena na tena. Ama yuko kikaoni, ama fremu ya picha bado haijafika. Mvua za masika zikaingia. Mama alipokuja dukani mara ya mwisho alikuwa anakohoa kikohozi cha chini, kile kinachotoka mbali, na kahawa aliigawa bila kuinuka kwenye kiti. Nikamwambia, "Mama, panda kitandani. Sakafu ina unyevu. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa," akanijibu. "Mimi ndiye sielewi."

Mimi si daktari. Sitasema sakafu ndiyo iliyomuua. Nasema alilala chini msimu mzima wa mvua akisubiri picha ambayo ilikuwa ndani ya simu ya ndugu yake, ikitembea naye kwenye vikao, ikilala naye juu ya godoro.

Nikaenda kuzika. Turubai zilifungwa kwenye migomba, kwaya aliyokuwa akiimbia sauti ya pili ikaimba ikiwa na pengo lake, na mchungaji alikuwa anakaribia kumaliza pale gari lilipoingia uani. Yule bwana akashuka. Nyuma yake wanaume wawili walibeba kitu kipana kilichofunikwa kitambaa cheupe. Wakakisimamisha mbele yetu, kitambaa kikaondolewa kama kwenye ufunguzi wa jengo. Fremu ya dhahabu, kioo kinang'aa, na ndani yake kaburi la mwana wa mama.

Walikuwa wengi. Watu wamevaa makoti mazito, wamesongamana bega kwa bega, pumzi zao zinatoka kama moshi. Mwanamume mmoja amevua kofia pamoja na baridi ile, ameshika koleo. Mbele kabisa kuna mwanamke amejifunga kanga juu ya koti lake, ameweka mkono kichwani kama wanavyolia wanawake wa kwetu. Swali la mama lilikuwa na jibu lake pale, refu na pana kuliko meza ya kulia. Jibu ambalo lingeenea kwenye karatasi moja ya kopi.

Yule bwana alikuwa analia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Nilitaka nimfanyie kitu cha heshima," alirudia. "Fremu ilichelewa kutoka Mwanza." Hapo ndipo uchungu wangu ulipokosa pa kukaa. Angekuwa mtu mbaya ningemwekea hasira yangu yote mabegani nikarudi mjini mwepesi. Lakini yeye ni sisi. Ni sisi tunaojenga kaburi la vigae juu ya mama aliyekuwa akikinga matone ya paa kwa sufuria. Ni sisi tunaochangia turubai na vipaza sauti kwa mzee tuliyeshindwa kumpelekea dawa kwa sababu dawa peke yake ingeonekana zawadi ndogo. Tumefundishwa kuona haya kwa kutoa kidogo, wala hatuoni haya kwa kuchelewa. Jambo dogo likitakiwa leo, sisi tunaahidi kubwa la kesho, na huo ndio tunauita upendo.

Watu walikuwa wakisogea kuitazama fremu, wengine wameshatoa simu kuipiga picha. Ndipo jirani yake mama, aliyekuwa akisimama naye kwenye kwaya, akapita katikati yao. "Mnatuonyesha sisi?" akauliza. "Sisi tulikuwa tunalala vitandani." Akaishika fremu kwa mikono miwili, akaigeuza, akatupa sisi ubao wa nyuma. Uso wa picha akauelekeza kwenye udongo mbichi. "Haya, mwenye picha," akasema. "Tazama. Walisimama." Manyunyu yakaanza, na hakuna aliyethubutu kuigeuza tena.

Nimerudi dukani na somo moja, na ninalo kwa hasira. Kilichofunguka kwako hakijafunguka kwa mwenzako, na wewe unayekiona ndiwe uliyebaki kuwa dirisha lake. Mwonyeshe leo, hata kwenye kioo kilichopasuka, hata kwa wino unaofifia. Mama yangu wa kahawa hatimaye amelazwa juu ya godoro jipya na shuka nyeupe. Tulimlaza sisi, kwa heshima zote, kisha tukapigilia misumari kwenye kifuniko.