Mama Editha na Silinda Mpya

Mpaka leo nikiona mchi wa kutwangia umesimama kwenye kinu, mwili unanisisimka. Sikuwa hivyo zamani. Kosa ni la pikipiki ya mke wangu.

Mke wangu ni Rahabu, ila hapa Nduguti kila mtu anamwita Mama Editha. Hununua kuku wa kienyeji vijijini na kuwapeleka sokoni Singida, na pikipiki anaendesha mwenyewe. Mimi ninalima alizeti na ninaogopa pikipiki. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Kuku wa kienyeji hakamatwi mchana. Akishatoka bandani utazunguka naye kijiji kizima, mwishowe akutazame kutoka juu ya paa. Kwa hiyo mnunuzi hufika alfajiri, mabanda yakiwa bado yamefungwa. Karibu na Kinyangiri kuna kitongoji kilicho juu ya kilima, na kilima kile kilikuwa kinaitesa pikipiki ya Rahabu. Ilipanda kwa gia ya kwanza, ikinung'unika toka chini hadi juu, moshi unafuka nyuma. Rahabu aliona aibu. Ukimwuliza habari za safari, alikusimulia kilima tu.

Kisha akaja Gerald, kijana wa Singida mjini, naye mnunuzi wa kuku. Pikipiki yake ilikuwa mpya na kubwa. Alimpita Rahabu katikati ya mlima, akampungia mkono. Siku hiyo Rahabu alirudi nyumbani akakataa chakula.

"Baba Editha, yule kijana atanimaliza," aliniambia. "Akiwahi kufika kule kila safari, kina mama wote watakuwa wateja wake. Tutakula nini?"

Tukaenda kwa Miraji, fundi wa pale karibu na stendi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Inasumbua nini?"

"Haisumbui. Nataka nguvu," Rahabu akasema.

Miraji akafuta mikono. Alieleza kwamba angeweza kufunga nyuma sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la mnyororo. Mlima ungepandika vizuri, ila kwenye tambarare mbio zingepungua. Au angeweza kupanua silinda, akaweka pistoni kubwa na kabureta ya kuifaa. "Hapo unapata vyote, mama. Ila na ekzosi, hili bomba la moshi, tubadilishe, tuweke ya wazi, injini ipumue."

Nikasema sproketi inatosha. Rahabu akaniuliza tangu lini alizeti ikafungwa sproketi.

Akachagua silinda, pistoni, kabureta na ekzosi ya wazi. Miraji alipoiwasha, mbuzi aliyekuwa kafungwa ng'ambo ya barabara alikata kamba. Rahabu akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ya harusi yetu. Kwa tabasamu lile nikakubali kupanda nyuma safari ya kwanza, nikashuhudie.

Tulifika chini ya kilima kabla hakujapambazuka vizuri. Rahabu akavuta mafuta. Jamani! Tulipanda kwa gia ya tatu, matenga matupu ya kuku yakipiga kelele ubavuni, na mimi mwoga nikajikuta ninacheka peke yangu. Nilisema moyoni, kweli mke wangu ana akili.

Tulipofika juu nikasikia yowe. Mwanamke mmoja alilia, akaitikiwa na mwingine, na mwingine tena. Nilidhani kuna msiba. Kumbe msiba ulikuwa sisi. Gogo lilikuwa limeburutwa katikati ya njia, na watu wanatoka majumbani na fimbo, mapanga, na chochote kilichokuwa karibu.

"Wezi! Wamerudi! Washikeni!"

Rahabu akafunga breki, nikaanguka chini na tenga moja. Jiwe likampiga kwenye helmeti. Mlio wa jiwe lile ninausikia mpaka sasa. Mimi nikajifunika kichwa kwa lile tenga.

Wanasema mwenye kelele hana neno. Siku ile kelele ilitaka kututoa roho. Wezi wa mifugo siku hizi huja kwa pikipiki, na usiku uleule nyumba moja pale ilikuwa imeibiwa mbuzi. Sisi tukatokea na muungurumo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, nyuso zimefunikwa kwa helmeti.

Mbele ya wote alisimama Mama Cecilia. Huyu ndiye aliyekuwa akimpa Rahabu uji kila safari. Alikuwa ameinua mchi kwa mikono miwili, juu kabisa, na macho yake hayakuwa macho ninayoyajua. Rahabu alihangaika na kamba ya helmeti, haifunguki. Akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, Mama Cecilia!"

"Marahaba," akajibu yule mama.

Alijibu kwa mazoea tu, mchi ukiwa bado juu. Halafu akasikia alichojibu. Mchi ukamponyoka, akaanza kulia kwa sauti.

"Rahabu? Ni wewe? Mungu wangu, nilitaka kukuua! Pikipiki yako iko wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

"Siyo hii! Yako tunaijua. Ikianza kulia kule chini tunaamka, tunaacha mabanda yamefungwa, tunachagua kuku wa kukupa. Hii ni ya nani?"

Rahabu alifanikiwa kuvua helmeti. Akasema alitaka kumuwahi Gerald.

"Gerald?" Mama Cecilia akashangaa. "Yule akija tunamwambia kuku wameshatoka. Sisi tunakungojea wewe."

Nikatazama nyuma yake. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na kuku wakilalamika ndani. Kila mlango wa banda ulikuwa umefungwa na kuegemezewa jiwe, wakimngojea Rahabu. Hakika jambo hilo lilinishtua kuliko mchi. Rahabu aliyaona mabanda yale, akakaa palepale chini, akalia.

Miraji amemrudishia ekzosi ya zamani. Pistoni kubwa imebaki. Mlio haukurudi sawasawa. Mama Cecilia anasema ni kama Rahabu mwenye mafua, lakini ni Rahabu. Sasa pikipiki ina nguvu ya kupanda kilima kile kwa gia ya tatu, na mwenyewe anakipanda kwa gia ya kwanza, taratibu, helmeti yenye kovu la jiwe kichwani, mpaka kina mama waamke.

Gerald bado humpita katikati ya mlima na kumpungia mkono. Siku hizi Rahabu naye humpungia.