Mbayuwayu wa Shimo la Muhanga

Miaka sita Nikodemo wa Yakobi alimbebea mchungaji wa misheni sanduku refu la mbao, na miaka yote sita ndani yake mlikuwa na miguu mitatu ya kusimamishia darubini, basi. Mchungaji alitazama ndege, akaandika, akarudi kula. Hata mchungaji alipohamishwa, Nikodemo aliendelea kupanda mlimani peke yake kila mvua zilipoanza, kuwatazama mbayuwayu wa buluu waliozaa ndani ya shimo lililoachwa na muhanga, yule mnyama mchimbaji alaye mchwa. Kiangazi watu walipochoma nyasi, yeye alifyeka kulizunguka shimo lile moto usifike. Mkewe, Dorika, alisema ana mke mwenza mwenye mabawa.

Kwa hiyo Januari ile, Mwingereza mmoja alipofika kwa gari kutoka Makambako akiwaulizia ndege hao, Nikodemo hakusita. Bwana aliahidi kwamba atakayemwonyesha atapewa kazi ya kulinda mlima ule, na jozi ya buti. Manase, ndugu yake Dorika, alibebeshwa sanduku refu la Bwana.

Walitoka kukipambazuka. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na umande ukawalowesha mpaka magotini.

"Leo ndege wako watakuvisha viatu, shemeji," Manase alisema.

"Kanyaga taratibu. Wana watoto."

"Umeshawabatiza?"

"Bado. Nakungoja wewe uwasimamie."

Wakalala kifudifudi karibu na shimo. Dume akachomoka, mkia kama nyuzi mbili za hariri. Jike akamfuata. Nikodemo akanong'ona, "Hao, Bwana," kama mtu anayewaonyesha wageni wanawe.

Bwana akanyoosha mkono. Manase akafungua sanduku. Haikuwa miguu ya darubini. Ilikuwa bunduki nyembamba.

Ikalia mara mbili. Bwana akawapangusa ndege damu kwa pamba, polepole, akawaviringisha kwenye karatasi kama mama anayefunga mtoto. Kisha akamwamuru Nikodemo atie mkono shimoni.

"Kuna watoto watatu, Bwana."

"Wameota manyoya?"

"Bado."

"Hawafai kwa makumbusho, waache. Liko shimo lingine?"

"Hakuna, Bwana."

Manase akakohoa. "Liko, Bwana. Ng'ambo ya kijito. Shemeji alinionyesha mwaka jana."

Kazi akapewa Manase.

Nikodemo alirudi mlimani kesho yake, na inzi wa zizini ndani ya kibuyu. Alilala kwa tumbo, akaingiza mkono mpaka begani, akawapapasa, akawalisha mmoja mmoja. Siku ya kwanza midomo mitatu ilipokea. Siku ya pili miwili. Siku ya tatu, mkono ukiwa bado shimoni, aliona mbele ya uso wake buti mpya.

"Toka hapo, shemeji," Manase alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Bwana ameniagiza nisiruhusu mtu kuchezea mashimo ya ndege."

Nikodemo akautoa mkono. Yule mmoja aliyebaki akaendelea kulia.