Kapasi Ijumaa

Juzi kazini tulipata taarifa ya msiba kwa Kiingereza. Kijana anayekaa karibu yangu akaniuliza neno moja lina maana gani. Nilimjibu, halafu mawazo yakanirudisha Mtoni, nikiwa darasa la sita, nikiishi na bibi.

Upande wa pili wa ukuta aliishi mama mmoja muuza vitumbua. Alfajiri tuliamshwa na harufu ya hiliki na mlio wa mafuta yake. Mdogo wake, aliyemlea mwenyewe tangu utotoni, alikuwa anasoma chuo nje ya nchi. Mtaani mie ndiye niliyesifika kwa Kiingereza, kwa hiyo barua zote aliniletea nimsomee.

Siku hiyo ilikuja barua fupi ya chuo, imepigwa chapa. Niliruka maneno magumu mpaka nikafika pale ninapopajua: “passed on Friday”. Ijumaa naijua. Na kupasi, nani asiyejua?

“Mama, mjomba kapasi Ijumaa.”

Aliacha kukuna nazi, akacheka huku machozi yanamtoka. Jioni akapika pilau, sahani zikapita nyumba kwa nyumba. Mie nilipewa mnofu mkubwa, na bibi akasema hiyo ndiyo faida ya shule.

Kesho yake mwalimu wangu alipita kutoa pongezi, akaomba aione barua. Akaisoma, akairudia. Kisha akasema taratibu, “Dada, hebu kaa kwanza.”

Baadaye alinieleza kwamba Waingereza wakati mwingine hawakitaji kifo. Husema mtu amepita, kama sie tunavyosema ametutoka.

Siku mbili za msiba nilijificha chumbani. Siku ya tatu bibi akanitoa kwa mkono, akanipeleka. Nilichoweza kusema ni shikamoo tu. Yule mama akaitikia, akanikalisha mkekani pembeni yake.

“Usilie,” alisema. “Ile jioni ya pilau nililala vizuri. Sijui kama nitalala vile tena.”

Zilikuja barua nyingine, za kuhusu mizigo ya marehemu. Aliniletea mie, kama kawaida. Nikikuta neno nisilolijua, nilisema sijui.

Sikuwahi kumwomba radhi. Nilipoingia kidato cha kwanza alihama, na nyumba ile imevunjwa zikajengwa fremu za maduka. Nilipita pale mwaka huu. Wanauza vioo vya simu, na vijana wa dukani hawajawahi kusikia habari zake.