Kiazi Kikuu cha Baba

Harufu ya wino wa unga uliokorogwa kwa maji ndiyo harufu ya utoto wangu huko Meru, miaka ya Dharura, mkoloni alipowasaka wapiganaji wa msituni, nasi tukatolewa shambani tukarundikwa katika kijiji kilichozungushiwa mtaro wa miiba. Baba alikuwa kizuizini, mbali, na hakujua kuandika. Barua zake aliandikiwa na mfungwa mwenzake, kwa Kiswahili, maana barua isiyosomeka kwa wakaguzi haikupita. Mimi, mtoto wa darasa la nne, ndiye niliyemsomea mama. Kila mara ni yale yale: "Mimi ni mzima, sijui nyinyi." Mama aliigeuza karatasi, akaguna. "Mzima gani huyu? Waume wote wa kijiji hiki ni wazima kwa mwandiko mmoja! Kendi, baba yako amekufa, wanatuficha." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama alikuwa ameumwa sana. Hata mimi alinishuku. "Andika ninavyosema, usitie chumvi." Nami, Mungu anisamehe, nilizoea kutia.

Kwetu kiazi kikuu ni zao la mwanamume. Yeye hupanda, yeye huchimbua. Asubuhi aliyokamatwa, baba alimnong'oneza mama peke yake mahali alipoacha kimoja ardhini. Njaa ilitubana, lakini mama alisema kukichimbua ni kumzika mume kabla ya kujua kama amekufa. Basi akaniamuru niandike swali moja: kile ulichoniachia kiko chini ya mti gani? Nililiandika neno kwa neno. Usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alilala fofofo.

Jibu halikuja. Walikuja askari na majembe, wakatupeleka shamba letu la zamani, moja kwa moja hadi kwenye mti wa mringaringa wa kando ya kijito. "Mama, mume wako ameandika mzigo uko hapa. Ni bunduki, sivyo?" Wakachimba, wakatoa kiazi kirefu kama mguu wa mtoto, wakakipasua kutafuta risasi. Mama alicheka huku akilia. "Ni yeye! Kendi, baba yako yu hai!"

Baba alirudi hana meno mawili ya mbele. Kule kizuizini nako waliulizia bunduki. Siku hizi wajukuu hunitumia "niko poa" kwa simu hata sijauliza, nami hubaki nikijiuliza ni nani aliyeishika hiyo simu. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza baba kwa nini alijibu, ilhali alijua barua zinasomwa. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mama yako aliuliza," akasema.