Kabati Lililoliliwa

Banda la video la Kibiti lilinuka petroli na magunia. Petroli ilitoka kwenye jenereta lililofungwa nyuma ya banda kwenye nguzo ya mkoko, maana lisipofungwa lilikuwa linatetemeka mpaka linahama mahali pake. Magunia yalitundikwa kwenye kuta zote kuzuia mwanga wa mchana, ya korosho na ya mkaa, ukitoka humo bega lako moja ni jeusi. Ilikuwa miaka ile vitu vya nje vilipoanza kuruhusiwa, na kila siku barabarani paliuzwa kitu ambacho jana hakikuwepo. Mtoto wa kike mle ndani nilikuwa mimi peke yangu. Wasichana hawakwenda kwenye video, ilikuwa aibu. Lakini baba yangu ndiye aliyekuwa mkalimani wa filamu, na tangu mama aende Mbuchi kumsaidia bibi kuvuna mpunga, hapakuwa na mtu wa kuniachia. Basi nilikaa mkekani chini ya televisheni, shingo nimeinua, miguu ya baba ubavuni mwangu.

Mkalimani kazi yake ni kusimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, awaambie watu wale wa ndani wanasema nini. Baba hakujua Kichina wala Kihindi. Aliwahi kubeba mizigo bandarini Dar es Salaam, na hilo lilitosha watu waamini kwamba anajua lugha za mabaharia wote. Kawaida aliitazama filamu asubuhi peke yake, akaipangia maneno. Akipenda, jambazi alipewa ubahili wa muuza duka fulani wa pale pale Kibiti, na banda zima lilianguka kwa kicheko. Nilimwonea fahari mno. Nilidhani kweli anasikia kila kitu.

Filamu ninayotaka kuisifu ililetwa na lori. Mto ulikuwa umejaa, pantoni ya Ndundu haivuki, na malori ya kwenda kusini yalilala kwetu. Utingo mmoja alikuwa na kanda aliyoipata mjini, akaitoa iwekwe mchana ule ule, na baba hakupata nafasi ya kuitazama kwanza. Ilikuwa ya Korea, ingawa sisi tuliita zote za Kichina. Watu walikaa wakingoja ngumi. Badala yake ukatokea ufuko wa tope, maji yamekupwa, na mwanamke mtu mzima amepiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili anausukuma topeni, anateleza kwenda mbali kuchimba chaza. Wale wa Maparoni, kule kwenye mikoko, waliokuwemo wakaguna. Lile tope walikuwa wanalijua. Mumewe yuko nyumbani, mkali, msemaji wa maneno mawili. Wanagombana juu ya chumvi. Kisha mke anaugua, na yule mwanamume anapika uji kwa mara ya kwanza maishani mwake, unaungua, anakaa anaikwangua sufuria taratibu kama mtu asiyetaka kazi iishe. Aliyeitengeneza filamu ile hakutuonyesha uso wa mke siku ya mwisho. Alituonyesha viatu vyake vya mpira mlangoni, vina tope lililokauka, na mkono wa mume unaviweka sawa, sauti ya mke ikisikika kutoka ndani.

Baba akasema, "Mke amekwenda kwao kusalimia. Atarudi."

Mara nyumba ikajaa watu, wengine wamevaa nguo za katani, wanainama, wanalia, na sanduku refu linatolewa nje begani.

"Mkalimani!" yule utingo akapaza sauti. "Hilo si jeneza?"

"Wanahama," baba akasema. "Hilo kabati. Kabati lake la vyombo."

Wenzake yule utingo wakaanza kucheka. "Mzee, kabati gani linaliliwa hivyo?"

"Labda lina sahani za udongo, wanaogopa zisivunjike!"

"Rudisha kiingilio, mzee, Kichina kimekuishia!"

Niliinua macho nikamwona baba ameshika fimbo kwa mikono miwili. Wageni walicheka. Watu wa Kibiti hawakucheka hata mmoja, lakini hilo sikuliona wakati ule. Nilichoona ni kwamba baba yangu anazomewa, na jambo lenyewe hata mimi wa darasa la pili naliona. Uso uliniwaka. Nilitaka wanyamaze tu. Nikasema kwa sauti, "Baba, amekufa huyo. Mwanamke amekufa."

Wakanyamaza. Nyuma yangu mtu alimnong'oneza yule utingo, naye akasema, "Lo," akainamisha kichwa. Ukimya ule niliujua. Ndio uliokuwa ukiwapata wanawake kisimani kila nilipofika na ndoo yangu, ndio uliokuwa ukimfanya jirani yetu, aliyekuwa akinifokea kila siku, anipe minofu ya samaki yeye abaki na kichwa. Sikufundishwa na filamu. Nilifundishwa na watu walionyamaza.

Baba aliiegemeza fimbo kwenye meza, akanishika mkono, tukatoka juani. Tulikwenda mpaka karibu na nyumbani ndipo akasema, bila kunitazama, "Mama yako tulimzika Mbuchi, mwanangu. Nilikuwa natafuta siku ya kukwambia." Hakurudi tena kusimama pale bandani. Ninachokionea haya mpaka leo ni kwamba, njia nzima, kabla ya kumlilia mama, nilikuwa nawaza jinsi walivyomcheka baba.

Sasa wakalimani wanarekodi sauti zao, humwoni anayesema, wala yeye hakuoni. Filamu ile nilikuja kuitazama tena kwenye simu ya mdogo wangu, mtoto wa mke wa pili wa baba, akinisomea maneno yaliyoandikwa chini. Anasema inasifiwa duniani. Inastahili. Pale baba aliposema mke amekwenda kwao, kumbe mke anamkumbusha mumewe aanike magodoro. Hakuna lingine. Naijua sasa jinsi ilivyo, na bado kila nikiitazama namsikia baba akisema atarudi, na naona aibu kwamba namsadiki yeye kuliko wenye filamu yao.

Baba tumemzika mwaka huu. Kwenye matanga, binti wa mdogo wangu, mtoto wa miaka mitano, alikuwa akiuliza babu yuko wapi, na wanawake wakamjibu kwamba babu amesafiri. Mimi nilikuwa nachambua mchele palepale, nikasikia, nikanyamaza. Mimi! Nilimwona akienda barazani kuangalia barabara, akirudi, akienda tena. Mwisho niliweka ungo chini, nikamwita, nikampakata mbele yao, nikamwambia babu amekufa, harudi.

Akaniangalia. "Nani kasema, shangazi?"

"Nimesema mimi."

Akalia. Nikalia naye, watu wakitutazama.