Tangi Nililoachiwa

Mwanangu, kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kumwogopa samaki. Nimekana mbele ya mama yangu, nikakana mbele ya wanafunzi wangu, na wifi yangu aliponiuliza kwa nini nikiona kioo chenye maji hospitalini nahamia kiti cha mbali, nilimwambia ni mwanga, unaniumiza macho. Leo nakiri. Niliogopa samaki, wala hawakuwa papa. Walikuwa samaki wa urefu wa kidole cha mwisho, wamefungiwa ndani ya kioo, na mimi nikiwa nje na shahada yangu ya chuo kikuu.

Nimesikia unakwenda kuchukua tangi la samaki kwa mtu anayehama, na umesema ni jambo jepesi kwa kuwa kila kitu kimo. Kimo, sikatai. Hebu kaa kidogo.

Siku yangu mimi naikumbuka kwa harufu ya rangi mbichi. Bi. Khatuni wa Raskazone alikuwa amepakisha rangi madirisha ili nyumba ifungwe ikiwa na heshima zake. Alikuwa mjane wa mwenye duka la misumari na mabati. Wazee wa ukoo wake walitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa na chumvi kuliko changu mimi mtoto wa Muheza, niliyekuja mjini kufundisha Kiswahili chuoni nikiwa na vitabu vingi na maoni mengi zaidi. Macho yake yalikuwa yamefifia. Kila Jumamosi nilikwenda kumsomea gazeti, naye akinikosoa matamshi.

Sebuleni kwake palikuwa na tangi la marehemu mumewe. Ndani yake waliishi samaki wa namna mbalimbali bila ugomvi: wadogo wenye mikia kama pindo za kanga, bapa wa rangi ya fedha wenye mistari myeusi waliosimama wima kama sinia zilizoegemezwa ukutani, na chini kabisa mzee mmoja mweusi, ngozi ngumu, mdomo wa kunyonya. Huyo marehemu alimpa jina la Karani, kwa sababu alipita juu ya kioo inchi kwa inchi akikagua, na alipomaliza alianza upya. Ndiye aliyebaki kati ya wale aliowanunua marehemu kwa mkono wake.

Siku ile Bi. Khatuni alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwa binti yake, apasuliwe macho. Hakusema atarudi lini wala kama atarudi.

"Tangi nakuachia, mwanangu," aliniambia. "Na maji yao haya hapa, usije ukayasahau. Chakula kidogo. Usiwashughulikie mno."

"Nimepokea, Bibi," nikasema, kwa sauti ya mtu anayekabidhiwa kombe.

Mpwa wake, Amini, aliyerithi duka, alinisaidia kupakia kwenye bajaji: samaki ndani ya ndoo yenye mfuniko, mawe ndani ya gunia, tangi tupu mapajani pangu, na madumu mawili ya maji ya rangi ya chai iliyotiwa majani machache. Nilitazama yale madumu nikatabasamu. Nilidhani ni huruma ya kizee, kama mtu anayemfungia msafiri mchanga wa kwao.

Nyumbani Mabawa nilikuwa nikiishi na binamu yangu Mwanahawa, mshonaji, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Sasa ujue nililelewa na mama ambaye kitu cha mtumba hakikuvuka kizingiti chake bila sabuni. Sahani, shuka, hata mwanasesere, kwanza beseni, kisha jua, ndipo ndani. Basi nikafanya kama nilivyolelewa. Maji ya madumu nikayamwagia miasumini ya mwenye nyumba. Mawe nikayachemsha. Lile sponji la chujio, ambalo lilikuwa la kahawia na linateleza kama bamia, nikalifua kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka likawa la manjano changa, nikalianika kambani kati ya leso mbili. Kisha nikajaza tangi maji ya bomba, meupe, yenye kuwasha pua kwa dawa yake, nikawamimina wageni wangu humo, nikawasha pampu.

Lilipendeza. Mwanahawa mwenyewe alisimama akasema, "Leo umewahamishia Ulaya."

Siku ya pili maji yalikuwa kama yametiwa tui. Siku ya tatu samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakinywa hewa kama watu walio dirishani kwenye nyumba inayoungua. Halafu mmoja wa wale wadogo akawa anaelea.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na nitakueleza ilivyoingia, kwa maana haikuja kama hofu. Ilikuja kama bidii. Nilimwaga maji nikatia mengine, kutoka bombani hadi kwao. Nikafua tena sponji. Nikawatia chakula kingi, wapate nguvu. Asubuhi wawili wakawa wanaelea. Nikafua tena. Kila aliyekufa alinitia ari ya kusafisha, na kila niliposafisha alikufa mwingine. Mikono yangu ilikauka kwa sabuni na bado nikaona tatizo ni kwamba sijasugua vya kutosha.

Mwanahawa alinitazama kutoka kwenye cherehani yake. "Dada, hao uliwaosha kabla hawajafa. Wenzio huosha maiti baada."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nakuuliza tu. Yule bibi alikupa, au alikuwekea amana?"

"Kuna tofauti gani?"

"He! Kama kakupa, ni wako, wazike uendelee. Kama ni amana, utaulizwa mmoja mmoja. Hapa na kule." Akaelekeza sindano juu. "Alisemaje?"

"Alisema, nakuachia."

"Ndiyo nini hiyo?"

Wiki ileile nilikuwa nimesimama ubaoni nikiwafundisha wanafunzi kauli ya kutendea: acha, achia, achiwa. Nimeachia kamba. Nimemwachia mtoto urithi. Nimemwachia jirani ufunguo. Nilizungushia duara kile kiambishi kwa chaki nyekundu nikasema kwamba maana yake iko wazi kabisa. Sasa nilikuwa nimeloa hadi viwiko, nina shahada ya neno lenyewe, na sikujua kama nimepewa zawadi au nimebebeshwa mzigo wa siku ya hukumu. Nilijua jambo moja tu: nilikuwa nimeitikia.

Simu ikaanza kulia.

Ilikuwa namba ya Dar. Niliitazama ikitetemeka mezani ikijisogeza yenyewe kuelekea ukingoni, nikaacha. Ikalia tena jioni. Niliifunika kwa mto. Siku zilizofuata ikalia tena na tena, nami nikawa namwambia kila aliyeniuliza kwamba mtandao wa Mabawa hauaminiki. Nilianza kupita mtaa wa nyuma nisipite mbele ya duka la Amini. Siku moja nilijisahau, akanidaka barazani.

"Mwalimu! Shangazi anauliza habari za samaki wake. Anasema hupokei."

"Mtandao," nikasema.

"Wako wazima?"

"Yupo Karani," nikasema, maana huo haukuwa uongo, nikaondoka haraka hata nikasahau misumari ya kutundikia pazia niliyokuwa nimetoka kununua. Ninayemkimbia ni mwanamke mzee asiyeona, aliye mji mwingine, na niliona kila bajaji iliyopungua mwendo nyuma yangu imembeba yeye.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, nilimkuta Karani ameacha kioo. Hakuwa akikagua tena. Alikuwa chini, ameegemea jiwe, weusi wake umegeuka kijivu cha majivu, mapezi yamebana, mashavu yakienda mbiombio. Nikanyoosha mkono kuchukua sponji nikalifue. Mwanahawa akanishika kifundo cha mkono.

"Mwache. Ukimfulia huyu tena, nahama miye."

Simu ikalia.

Sasa, mwanangu, kabla sijaipokea nikupe lile nililokuitia, kwa sababu nikishaipokea sitaki kuongeza neno.

Ukipokea kitu chenye uhai kutoka kwa mtu, kipokee na uchafu wake. Ule utelezi wa kahawia kwenye sponji ni vijidudu vilivyochukua muda mrefu kujikusanya, navyo hula sumu inayotoka kwa samaki wenyewe. Ukiona sponji limeziba, lisuuze ndani ya maji ya tangi hilohilo, basi. Maji ya zamani yabebe pamoja nao. Maji ya bomba yalaze ndooni dawa itoke kwanza, ubadilishe kidogo kidogo. Lisha pungufu ya unavyodhani. Ukiona mkono wako una haraka, uweke mfukoni. Na kabla hujanyanyua tangi la mtu, muulize ana kwa ana, bila kuona haya: unanipa au unaniwekea? Anayekuachia hana ubaya ukimuuliza. Ubaya ni wewe kuitikia usichokijua kisha uanze kujificha. Habari mbaya ipeleke ikiwa bado changa, maana mimi niliilea ikakua, ikawa haiingii mlangoni. Mungu akupe maji yaliyotulia, na akupe watu wa kukushika kifundo.

Nikapokea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi, mwalimu."

"Mwalimu yupi? Wangu alikufa. Nimeshamsomea Fatiha."

"Bibi, nisamehe. Samaki wamekufa. Karibu wote. Na Karani... Karani hajiwezi."

Upande wa pili nilisikia feni ya Dar ikizunguka.

"Maji yao ulitia?"

"Niliyamwaga."

"Na sponji?"

"Nililifua."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, Bibi. Na maji ya moto."

"Lo! Umenifulia samaki, weye mtoto." Sikujua kama analia au anacheka, na pengine vilikuwa vyote. "Sikiliza. Uani kwangu, nyuma ya jiko, pana pipa. Marehemu hakuliacha tupu hata siku moja, na miye nikafuata. Mna maji yao, mna samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na mna sponji la pili linaelea. Lichukue kama lilivyo. Usilikamue, usilinuse. Na dumu la maji. Ufunguo anao Amini, lakini sasa yuko msikitini, mpaka watoke Alasiri."

"Sawa, Bibi." Nilikuwa nimeshasimama. Lakini lile duara la chaki nyekundu lilikuwa bado linanizunguka kichwani. "Bibi, ulinipa, au uliniwekea amana?"

"Nini?"

"Tangi. Ulisema nakuachia."

"Mwalimu wa Kiswahili ndiye ananiuliza miye?" Akapumua. "Samaki nilikupa. Wakifa wamekufia weye, Mungu atakujaalia wengine. Amana niliyokuwekea ni Jumamosi yangu."

Sikuelewa, akajua sikuelewa.

"Nimefungwa vitambaa macho yote mawili, mwanangu. Sioni hata mkono wangu. Na daktari hasemi kitu, akija ananyamaza tu. Nimeogopa. Mkwe wangu ananisomea gazeti kama anafukuzwa na mbwa. Nikasema, nimpigie yule mtoto anisomee samaki. Akae pale aniambie nani yuko wapi, nani anamfukuza nani. Sikutaka hesabu yao. Ungenidanganya, ningesikiliza vilevile."

Niliketi chini, sakafuni.

Alasiri ile nilikwenda kulichukua lile sponji, likiwa jeusi na bovu na zuri, na Karani alichukua muda kabla hajapanda tena kioo kuendelea na ukaguzi wake alipouachia. Lakini hayo yalifuata baadaye. Kwanza Bibi alisema:

"Amini hajatoka msikitini. Vuta kigoda. Nisomee."

"Bibi, hakuna cha kusoma. Amebaki yeye tu."

"Basi nisomee yeye."

Nikasogeza uso karibu na kioo, kwa mara ya kwanza tangu waanze kufa.

"Ameegemea jiwe jeusi," nikasema. "Lile lenye tundu. Pezi la mgongoni limelala. Mdomo unafunguka na kufunga."

"Haraka, au polepole?"

"Haraka, Bibi."

"Jicho?"

"Limegeuka. Ananitazama."

"Haya," akasema Bi. Khatuni, na sauti yake ikashuka kama mtu anayejilaza. "Mungu akuweke. Endelea, mwanangu. Endelea."