Ami Buazza na Taa ya Mnara

Ami yangu Buazza hakuwa mwadhini, wala imamu, wala mfagiaji. Alikuwa mwasha taa. Ukisema hivyo leo watu hucheka, maana nani asiyejua kubonyeza swichi? Lakini mji wetu wa Sefru umejibanza kwenye vilima viwili, mto umepita katikati, na tangu enzi za mababu kila sala ya mchana hupandishwa bendera nyeupe juu ya mnara, na ya usiku huwashwa taa, ili aliye mbali asiyesikia adhana ajue wakati umeingia. Ami aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Vidato sitini na vinne kupanda, sitini na vinne kushuka, na hali ya magoti yake anaijua Mungu.

Kusema kweli, huyo asiyesikia alikuwa mmoja tu: Lalla Yamna, bibi wa kilima cha pili. Homa ilimziba masikio akiwa na miaka tisa. Mimi namjua vizuri kwa sababu sote wawili tunasuka vifungo vya uzi vya majoho, na alinifundisha ishara zake kabla hajanifundisha fundo la kwanza. Kila jua likielekea kuzama hukaa juu ya paa lake, uso kwenye mnara. Ramadhani hukaa na tende kiganjani. Ving'ora vya mji vilie, vyombo vigongane nyumba za jirani, yeye hana habari. Tende yake inangoja mkono wa Ami Buazza.

Na Ami alijua hivyo. Hawajawahi kusemezana hata salamu, lakini akishawasha taa hakushuka mbio kwenda kula kama ninyi na mimi. Alitoka nje hadi kwenye kibaraza cha mnara, akasimama kitambo na joho lake jeupe, akitazama ng'ambo.

"Unatazama nini huko, Ami?" nilimchokoza siku moja.

"Natazama kama taa imefika."

"Taa inafikaje, kwani imepanda punda?"

"Rukia, kasuke vifungo vyako."

Basi msimu wa baridi uliopita wakaja mafundi kubadilisha taa za msikiti. Balbu za zamani zilikuwa zaidi ya themanini, walafi wa kupindukia, zinakula umeme na kuutapika joto darini ambako hakuna wa kulifaidi. Bili ilimeza sadaka zote za Ijumaa, na wazee wetu wakawa wanatawadha kwa maji ya theluji. Kamati ikaamua: zote zitolewe, ziwekwe za LED. Watu wakasubiri Ami anune. Wapi! Aliishika ya kwanza iliyowashwa, akaikumbatia kwa viganja viwili kama yai.

"Haichomi!" akasema. "Rukia, njoo ushike. Inawaka na haichomi!"

Jioni ile alitembea peku ndani ya msikiti, taratibu, mtu aliye usingizini hasa. Mwanga ulikuwa mtulivu, umelala juu ya mikeka, na kuta za chokaa zilionekana kana kwamba ziko mbali kuliko zilivyo. Nilimwita mara tatu hakuitika. Bili iliyofuata haikufika nusu ya ile ya zamani, na akiba ikanunua mtungi wa kuchemshia maji ya udhu. Ami aliapa kwamba tangu hapo sala za wazee zimekuwa ndefu zaidi.

Mwisho kabisa ikaja zamu ya mnara. Fundi umeme alikuwa Anuar, mtu wa hapahapa, mwenye vyeti vyake na maringo yake.

"Ba Buazza, sasa pumzika," alimwambia. "Huko juu nimekuwekea jicho. Likiona giza linawasha, likiona mwanga linazima. Hata chembe ya umeme haipotei."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ukae chini unywe chai kama watu wa umri wako."

"Umri wangu umeuonea wapi wewe? Kwenye ndevu au kwenye magoti?"

Wakacheka, na Ami akakubali. Kosa lilikuwa letu sote, si la Anuar peke yake. Mji mzima uliozaliwa ukihesabu sala kwa jua ulisahau kwamba giza ni kitu kimoja na magharibi ni kitu kingine. Siku zilizobaki za Shaabani mbingu ilikuwa nyeupe, jicho likawasha karibu na wakati wake, nasi tukasifu.

Siku ya nne ya Ramadhani wingu likashuka kutoka mlimani. Mimi na Ami tulikuwa uani kwa msikiti tukipanga tende na bakuli za harira, ile supu ya kufuturia, kwa ajili ya wapita njia. Zilibaki dakika ishirini adhana iadhiniwe. Kukawa na kiza kizito, chenye rangi ya risasi, na ndege wakanyamaza. Nikainua macho.

"Ami, mbona taa yako imewahi?"

Akageuka. Bakuli likamtoka mkononi.

"Yamna," akasema. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo.

Alivyopanda ngazi zile sijui. Mimi kijana kwake nilifika juu nikihema. Swichi ya zamani ilikuwa imeng'olewa, nyaya zote zimeingia ndani ya kile kijicho. Ami akavua joho, akaifunika taa nzima. Balbu ya zamani ingelichoma lile joho la sufu kabla hajavuta pumzi ya tatu. Hii ilitulia humo ndani, baridi. Akapiga magoti nyuma ya ukingo, akazishika pindo mbili upepo usizichukue. Wingu lilikuwa linapita vichwani petu, mji umezama chini bila sauti, na mimi nilisahau kidogo kama tuko duniani. Paa la Lalla Yamna halina taa; ng'ambo hatukuona kitu.

Adhana ilipotoka, akalivuta joho, mwanga ukarudi. Lakini hakutoka nje kusimama kibarazani kama kawaida yake.

"Nimtazame kwa uso gani?" aliniuliza. "Kwa taa hii ameshakula."

Tukamwendea imamu. Imamu ni mtu wa huruma, akamwambia, "Aliyekula akidhani jua limezama hana dhambi, Buazza. Atalipa siku moja tu. Tena kama hajui, muache hivyohivyo. Ya nini kumtia mama wa watu jakamoyo?"

"Miaka thelathini na moja sijamdanganya, sheikh wangu."

"Hukumdanganya wewe. Ni mashine."

"Yeye hajui mashine. Anajua mkono wangu."

Asubuhi tukateremka kwenda kwa Lalla Yamna, mimi nikiwa ulimi wa Ami. Njiani aliniomba nimfundishe ishara ya msamaha, akawa anairudia, kiganja kifuani, kiganja kwenye paji la uso, hata mwuza ndimu akamwuliza kama ana homa. Tulipofika darajani tukamwona Lalla Yamna anakuja, joho limepigwa brashi, mikononi amebeba pia ya sukari, lile bonge refu lenye ncha, katika karatasi yake ya zambarau. Kwetu pia ya sukari haibebwi ovyo. Hupelekwa nyumba yenye posa au nyumba yenye msiba. Nami, kwa ulimi wangu huu usio na mlango, nikasema, "Ami, leo unaposwa wewe!"

Kisha nikaona macho ya Lalla Yamna yamevimba kwa kulia. Nilitamani mto unimeze.

Alipomwona Ami alisimama kama aliyegonga ukuta. Akasogea. Sukari ameibana kwapani, akaushika mkono wa joho la Ami, akaubinya, akapanda hadi begani, akabinya tena, kama mnunuzi asiyeuamini ubora wa kitambaa. Ndipo akaanza kunena kwa vidole, nami nikafasiri.

"Anasema taa iliwaka, akala tende. Halafu akaiona taa inavishwa sanda. Halafu sanda ikavuliwa, na mtu hakutoka. Kila siku mtu hutoka. Anasema alijua umekufa. Harira yake mpaka sasa iko sufuriani."

Ami aliisahau ile ishara aliyojifunza. Alilia palepale, mbele ya wapitao, wala hakujifuta.

"Mwambie ni mashine," akasema. "Mwambie siku yake iko shingoni mwangu."

Nikamwambia. Lalla Yamna akapunga mkono, siku moja ni nini, ataifunga tu. Akauliza kama mashine hiyo nayo inafunga Ramadhani.

"Haifungi," nikamjibu.

"Basi imejuaje saa ya kufungua?"

"Jicho linang'olewa leo kabla ya alasiri," Ami akaapa. "Balbu ibaki, ni balbu njema. Swichi irudi mkononi mwangu."

Lalla Yamna akaridhika. Akamwekea Ami pia ya sukari mikononi. Ami akamrudishia akicheka na machozi, "Mwambie mimi mzima, akachemshie chai ya Idi." Lalla Yamna akakataa kwa kichwa. Akaonyesha miguu yake, akaonyesha kilima, akamwonyesha Ami, kisha akalaza shavu juu ya kiganja na kufumba macho. Nadhani Ami alielewa kabla sijafungua kinywa, lakini nilisema vilevile, maana ndiyo kazi iliyonileta.

"Anasema uichukue. Siku yako ikifika huenda miguu yake isiweze kushuka. Msiba wako yeye ameshaulia."

Ami akaikumbatia ile sukari, nasi watatu tukasimama darajani muda mrefu, hakuna aliyetangulia kuondoka.